Wakubwa wa Kusini Walipokuja Minneapolis

Sikwenda Amerika kutembea. Nilitumwa, miaka ile ya tisini. Kikao cha ukoo wetu pale Njombe kilikaa sebuleni kwa kaka Zakaria, Jumapili baada ya ibada, kikaamua kwamba mtoto wetu Ayubu ahame chuo, na kwamba mimi, shangazi yake, ndiye niende kumwambia ana kwa ana. Ayubu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mjomba wake, Jotham, alimchukua kwa mama yake akiwa bado kijana mdogo, akasomea Minneapolis, akarefuka na kutanuka hadi makocha wa huko wakamvisha kofia ngumu na kumweka katika timu ya chuo kikuu cha mjini. Ni timu ya ule mpira wao unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Tulikuwa tunaletewa picha tu, tunacheka.

Kilichotuondolea kicheko ni simu ya Jotham. Kocha msaidizi mmoja aliyehamia chuo cha Kusini mwa Marekani alitaka amchukue Ayubu aende naye. Kijana wa jirani yetu aliyewahi kusoma huko Kusini akaitwa aje kutufafanulia, akafafanua hadi chai ikapoa. Vyuo vya Marekani, alisema, vimejigawa katika ligi, na ligi ya Kusini ndiyo baba lao. Nyingine zote zinasindikiza.

Kaka Zakaria akajipiga goti kwa kiganja. "Basi! Mtoto akiitwa shule ya vipaji, utamwacha abaki shule ya kawaida?"

Ndivyo tunavyochagua shule sisi, kwa jina. Mimi nilipaswa kuwa wa kwanza kupinga, maana nafundisha michezo katika sekondari isiyo na jina. Wasichana wangu wa netiboli waliwahi kuwafunga wale wa shule kubwa ya mkoa, na tukaambiwa wenzetu siku ile walikuwa na mafua. Lakini safari ya ndege humlainisha mtu. Nikasema nitakwenda.

Kutoka Njombe hadi Dar es Salaam nililala. Kutoka Dar hadi Amsterdam nilisali. Kutoka Amsterdam hadi Minneapolis nilikaa karibu na bwana mmoja aliyevua viatu tangu mwanzo hadi mwisho, na hiyo yatosha kusema juu ya ndege.

Minneapolis, uwanja wa ndege. Jotham alikuwa pale na mkewe Wanjiru, Mkenya, muuguzi kama mumewe, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwenye mizigo. Nyuma yao alisimama mtu ambaye nilidhani ni mlinzi wa mlango.

"Shikamoo, Shangazi," mlango ukasema.

"Marahaba... Ayubu?" Alinikumbatia nikapotelea kifuani mwake. Nililia, sioni aibu kusema. Kichwa kilikuwa cha marehemu mdogo wangu, kimewekwa juu ya mwili wa watu wawili.

"Karibu sana dada," Wanjiru akasema. "Vaa hii jacket, huku kuna baridi."

"Mama, mimi natoka Njombe," nikamjibu, na jaketi sikulivaa. Ilikuwa Septemba, majani ndiyo kwanza yanaanza kuwa manjano, na wao wanaita baridi.

New Hope, nyumbani kwao. Ni fleti ya ghorofa ya pili, yenye zulia kila mahali na harufu ya chapati ngazini, maana Wakenya wengine watatu wanakaa jengo hilo hilo. Baada ya kula nilitoa ujumbe wa ukoo kama nilivyoagizwa, bila kupunguza wala kuongeza. Ayubu alisikiliza akitazama mikono yake.

"Sawa, Shangazi," akasema. "Mkisema nihame, nitahama."

Alisema kwa adabu kamili, na uso wake ukafa pale pale mbele yangu. Nimefundisha watoto miaka mingi. Najua mtoto anayekubali na mtoto anayetii. Nikajiona nimesafiri dunia nzima kuja kumzima mtu taa.

Siku iliyofuata nilikwenda Maplewood na Jotham. Huko ndiko wanakofanya kazi yeye na mkewe, hospitalini, na tulikuwa tunamsubiri Wanjiru amalize zamu yake ili turudi kwa gari moja. Tukakaa kantini, nikaanza kumhoji kama ninavyowahoji waamuzi wa kwetu.

"Shemeji, niambie. Bingwa wa vyuo vyote anapatikanaje?"

"Kwa kura."

"Kura za nani?"

"Waandishi wa magazeti, na makocha."

"Wanapigia kura mshindi? Kwani mpira si umechezwa?"

Jotham akacheka. "Vyuo ni vingi mno, haviwezi kukutana vyote. Kwa hiyo wanakadiria nani mkubwa."

"Na hao wa Kusini, huwa wanatoka kwenda ugenini?"

"Ni nadra. Mwanzo wa msimu wanaalika vyuo vidogo kwao, wanavipiga, halafu wanaanza kuchezana wenyewe kwa wenyewe."

"Mmoja wao akishinda je?"

"Watu wanasema, unaona ligi yao ilivyo ngumu."

"Akishindwa na mwenzake?"

"Wanasema, unaona ligi yao ilivyo ngumu."

Nikaweka kikombe chini. Kumbe yale mafua ya netiboli yamefika hadi Amerika! Jotham, ambaye ni mtu wa haki, akaniinulia kidole: "Lakini shemeji usidanganyike. Wale watu wana mbio. Kweli wana mbio." Kisha akaniambia kwamba Jumamosi ile ile chuo kimoja cha ligi ya Kusini, si kile kinachomtaka Ayubu bali jirani yake mwenye sifa kubwa zaidi, kilikuwa kinakuja Minneapolis. Magazeti yalikuwa yameshaandika kwamba watu waende mapema, maana mchezo utakwisha mapema.

Jumamosi, mchana. Kundi la kanisani kwa Wanjiru lilikwenda zima, magari yakifuatana, tumevaa rangi za chuo juu ya vitenge. Uwanja wao una paa. Paa la kitambaa, limejazwa upepo, na chini yake maelfu ya watu wanakula. Tulikaa karibu kabisa na mstari wa mwisho, na mbele yetu alikaa mzee wa Kusini mwenye kofia nyekundu, mpole, amemfuata mjukuu wake.

Ayubu kazi yake si kushika mpira. Yeye ni mmoja wa wale watano wanaosimama mbele na kumkinga mrushaji asiangushwe. Wanainama, wanasubiri mrushaji aite, ndipo wanasukuma. Timu yake ilipopata mpira mara ya kwanza, na mtoto wangu nikamwona ameinama pale karibu, moyo haukunikaa. Nikapiga vigelegele. Kundi zima la kanisani likanipokea. Akina mama wa Kisii, wa Kikuyu, wa Kijaluo, tulipasua kile kitambaa cha paa.

Ayubu akanyanyuka kabla ya kuitwa. Kitambaa cha njano cha mwamuzi kikaruka hewani, timu yetu ikarudishwa nyuma yadi tano, na watu wa Minneapolis wote waliotuzunguka wakatugeukia na vidole midomoni.

"Wanasema nini?" nikauliza.

"Dada, tumefanya vibaya," Wanjiru akasema, amejishika mdomo. "Hapa hawa-cheer team yao ikiwa na ball. Wananyamaza, ndio wasikie kuitwa. Wana-cheer wale wengine wakiwa nayo."

"Wanamshangilia adui?"

"Wanampigia kelele asisikie!"

Kwetu timu ikikaribia goli ndipo unapopasua koo. Nani angejua? Nikaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilimwona kocha akimfokea Ayubu, na nikajua ni mimi ninayefokewa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kichungu. Jotham alisema kweli, watoto wa Kusini wana mbio. Walitupita pembeni, walitupita katikati, wakafunga, wakafunga tena. Mzee wa kofia nyekundu alikuwa anatikisa kichwa kwa upole. Niliwaza yale ya kikaoni na nikasema moyoni, labda kaka Zakaria ana haki.

Kipindi cha pili mambo yakageuka, tena taratibu. Mbio zinahitaji pumzi, na wale waliokuwa wamezoea kumaliza kazi mapema walianza kushika viuno. Nilimtazama Ayubu tu. Kila mpira ulipoanza alikuwa anamsukuma mtu yule yule wa Kusini, jitu lenye picha yake gazetini, na kila mara jitu lile lilichelewa kidogo zaidi kunyanyuka. Na sisi kanisa zima tulinyamaza, tumeshikana mikono, machozi yakituwasha. Yetu ikafunga. Ikafunga tena na tena. Mwishoni tukawa mbele kwa pointi tatu tu, na Kusini wakawa na mpira, wanakuja upande wetu, hadi hatua chache mbele ya pua zetu.

Uwanja mzima ukasimama ukipiga kelele. Mzee wa kofia nyekundu akanigeukia, akasema kitu.

"Anasema kwao kelele ni kubwa kuliko hizi, vijana wao wamezoea," Wanjiru akanitafsiria.

"Wamezoea zao!" nikamjibu. "Akina mama, sasa!"

Tukaachia. Vile vigelegele nilivyovimeza tangu mchana vilitoka vyote, na vya wenzangu vyote, vyembamba na vikali, juu ya ngurumo ya watu wengine. Kijana wa Kusini wa mstari wa mbele akageuza kichwa kututazama. Akanyanyuka kabla ya wakati. Kitambaa cha njano! Wakarudi nyuma yadi tano. Mara ya pili mrushaji wao akaweka mikono masikioni, wenzake hawamsikii, akarusha kwa haraka, mpira ukaanguka chini peke yake. Timu hupewa majaribio manne tu ya kusonga mbele, na lao la mwisho lilikuwa limekwisha.

Ikabaki kazi ya Ayubu. Timu yetu ikapewa mpira na ilichotakiwa ni kuusogeza kidogo kidogo hadi saa iishe. Watu wa Minneapolis wakanyamaza, na sisi tukanyamaza nao, kanisa zima limeuma midomo. Nilisikia mrushaji akiita. Nilisikia kofia zikigongana. Ayubu alilisukuma lile jitu hatua mbili, akalisukuma hatua tatu, akalilaza chali. Saa ikaisha.

Sina maneno ya kueleza kilichofuata. Wanjiru alinibeba. Mimi na umri wangu nikabebwa! Mzee wa kofia nyekundu alinipa mkono wa heshima, akasema ligi yao bado ndiyo kubwa, nami nikamwambia arudi salama.

Nje ya uwanja Ayubu alikuja na barafu begani. "Shangazi," akasema akicheka, "mara ya kwanza niliposikia ile sauti nilidhani niko Njombe kwenye harusi. Miguu iliinuka yenyewe."

"Nisamehe, mwanangu."

"Hapana. Mwishoni ulitulipia."

Hapo ndipo nilipomwuliza swali ambalo ukoo mzima ulikuwa haujamwuliza. Nikasema, "Ayubu, wewe mwenyewe unataka nini?" Aliigeuza ile barafu begani, jitu zima, akasema anataka kubaki. Hapa anacheza kila Jumamosi, huko angekaa mwaka mzima bila kugusa uwanja. Hapa masomo yake ya uhandisi yanakwenda vizuri, na kwa mjomba ni nyumbani. Uso uliokufa New Hope ukawa unaishi tena.

Jumapili, baada ya ibada, Jotham alinisomea gazeti. Kura zilikuwa zimepigwa. Wale wa Kusini walikuwa wameshuka kidogo tu. Sisi tuliowashinda tulikuwa bado chini yao.

"Haiwezekani!" nikasema. "Sisi si tumewafunga?"

"Mwandishi anasema walichoka na safari," Jotham akajibu, na tukacheka hadi Wanjiru akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Njombe, wiki iliyofuata. Kikao kikakaa tena sebuleni kwa kaka Zakaria. Wote walikuwepo, na mama yake Ayubu alikuwa kwenye kona yake ya siku zote, karibu na mlango, anamenya karanga.

"Enhe," kaka akasema. "Umemhamisha?"

"Sikumhamisha."

Nikawaambia nilichojifunza bila kuzunguka. Ligi ya Kusini ni kali kweli, nimeiona kwa macho yangu na ilinitisha. Nusu ya sifa yake imeitolea jasho. Nusu nyingine inapewa na watu walioamua jibu kabla ya mchezo, na hiyo hata ukiwafunga huwezi kuwanyang'anya. Mtoto wetu hawezi kuishi ndani ya nusu hiyo. "Mlinituma nikamhamishe," nikasema. "Nimerudi kuwaambia mtulie. Nilimwuliza mwenyewe, na anataka kubaki."

Kaka Zakaria alikunja uso. "Na magazeti yao yanasemaje?"

"Yanasema wa Kusini bado ni wakubwa."

"Sasa tuamini magazeti au tukuamini wewe?"

Mama yake Ayubu, ambaye katika vikao vyote viwili alikuwa hajaulizwa neno, aliweka sinia la karanga chini na kusimama.

"Mambo ya magazeti mtaongea baadaye," akasema. "Wifi, hebu anza tena pale mwanangu alipokuwa anamsukuma yule mtu."

Kaka akavuta miguu yake kunipisha. Nikasogeza meza ukutani ili nipate nafasi, nikakunja mikono ya sweta, nikainama kama alivyoinama Ayubu, nikaanza upya.