Paka, Samaki na Hatua Tatu

Shule za chekechea za watu binafsi zilipoanza kuota Mwanza kama uyoga, nilipata kazi katika moja ya Kirumba, jirani na mwalo wa wavuvi, ambako harufu ya dagaa iliingia darasani kabla ya watoto. Nilikuwa nimetoka kusoma kozi fupi ya kompyuta na nilijiona nimefika.

Kwenye kozi tuliona kobe mdogo wa kwenye kioo cha kompyuta, anayetembea kwa amri: mbele, mbele, geuka. Nikasema hii ndiyo hesabu ya watoto. Shule haikuwa na kompyuta, kwa hiyo nilichora vyumba vitano ubaoni, paka katika cha kwanza, samaki katika cha nne. Watoto waseme paka aamriwe "mbele" mara ngapi ili amfikie samaki. Kuwatembeza sakafuni sikutaka. Watoto arobaini wakisimama, darasa linageuka gulio.

Nilihesabu kwa fimbo, nikianzia chumba cha paka. "Ngapi?" Darasa zima likaitika, "Nne!" Binti mmoja akasema tatu. Kesho yake tatu, wiki nzima tatu. Mimi sipendi kubishiwa, hata na mtoto wa miaka mitano. Nikamwandikia baba yake kwamba mtoto ni mzito na arudie mwaka.

Baba alikuwa mpanga magari kwenye kivuko cha Kigongo. Alikuja na sare yake ya kazi, binti akiwa pembeni yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mimi ada ya mwaka mwingine sina. Kama haendelei na wenzake, nampeleka Busisi, ng'ambo, kwa bibi yake. Na huko chekechea hakuna."

Nikamwonyesha ubao, na kosa la mwanawe. Akaomba chaki. Akachora vyumba vile vile sakafuni, akasimama kwenye cha paka.

"Haya mama, nipange," alimwambia binti yake.

Binti akainua mkono, kama baba yake anavyoita lori liingie kivukoni. "Mbele. Mbele. Mbele. Simama!" Baba akawa amesimama juu ya samaki.

Akarudi mwanzo. "Sasa wewe, mwalimu. Nne zako."

Nilitoa amri nne. Alimpita samaki.

"Lori langu lingekuwa ziwani," alisema, bila kucheka. "Hapo ulipo hapahesabiwi. Unahesabu gurudumu likizunguka. Sasa nani arudie mwaka?"

Niliona aibu. Kobe wa kompyuta angenisuta siku ya kwanza. Ubao ulininyamazia wiki nzima, na mtoto mmoja alikuwa karibu kuvushwa Busisi kwa kosa langu.

Binti alibaki na wenzake. Asubuhi iliyofuata niliwaambia watoto kwamba mwalimu alikosea, nikahesabu upya, nikauliza, "Ngapi?"

"Tatu!" wakaitika wote, kwa sauti ile ile, kwa furaha ile ile waliyokuwa wakiitikia nne. Nilishika fimbo nikaogopa: walikuwa wakiifuata fimbo, si paka. Tangu siku hiyo sijauliza tena darasa zima.