Barua Waliyotaka Tuipige Muhuri

Historia ya chuo kile naijua kuliko wengi waliosoma pale. Kilianza kama shule ya jioni ya mafundi wa viwandani, katika mji fulani wa mvua huko Uingereza. Hadhi ya chuo kikuu kimepewa juzijuzi tu, na sasa kinajisifu mtandaoni kwamba utafiti wake unagusa maisha ya watu. Hayo yote niliyakariri katika chumba changu cha kupanga mtaani Mutanga Nord, Bujumbura, nikijiandaa kwenda kusoma huko. Sikwenda.

Profesa wao alikuja Bujumbura kuchunguza wanawake wanaovusha bidhaa kati yetu na Congo. Yeye alipanga nyumba Kinanira, kwenye upepo wa kilimani, mimi nikashuka bandarini na kinasa sauti. Miezi minane nilikaa na wauza unga wa muhogo na mafuta ya mawese, wengi wao wakimbizi, nikawahoji, nikaandika kila neno, nikatafsiri. Yeye hata kuomba maji kwa Kiswahili hakuweza. Aliniahidi mambo mawili: jina langu litakaa kando ya lake kwenye kitabu, na ataniandikia barua ya kuniombea nafasi chuoni kwake. Kitabu kilipotoka, nilikuwa mmoja wa "marafiki zetu wa Bujumbura" kwenye shukrani. Barua nilimkumbusha na kumkumbusha, mpaka muda wa maombi ukapita. Kweli, asante ya punda ni mateke. Nilimchukia, na sioni haya kusema.

Miaka ikapita, kisha akanitafuta kwenye simu, mpole kama mtu aliyekuja kuposa. Kumbe vyuo vya kwao hupimwa kila baada ya miaka kadhaa, na lazima vithibitishe kwamba utafiti wao umebadilisha maisha ya watu nje ya chuo. Ushahidi ni barua kutoka kwa watu wenyewe. Wakati huo nilikuwa katibu wa chama cha wanawake walewale, na muhuri ulikuwa kwenye droo yangu. Barua alikuwa ameshatuandikia: eti utafiti wake umepunguza usumbufu mpakani na kuinua biashara zetu. Kazi yetu ilikuwa kutia sahihi na muhuri, kisha kuituma wenyewe kwa ofisi ya utafiti ya chuo bila kupitia kwake, ionekane hakutuelekeza. Hapo alinipa kisu akashika makali.

Nilimpelekea mwenyekiti wetu, mama mmoja wa Uvira, upande wa Congo, anayeuza unga wa muhogo, nikamsomea mstari kwa mstari. Aliniomba nirudie pale penye usumbufu uliopungua, maana wiki hiyohiyo alikuwa amenyang'anywa magunia mawili mpakani.

"Ule muzungu hatukumuona tena tangu atupige picha," alisema. "Sasa anataka tumubebee uongo? Andika ile ya kweli. Mi nitaweka kashe." Alimaanisha muhuri.

Nilimuuliza kama haogopi kwamba watatunyima msaada siku nyingine.

"Musaada gani? We uliona wapi?"

Basi nikaandika. Kiingereza changu nilikinoa nikimfanyia kazi yeye, na siku hiyo nilikitumia chote. Nilieleza kwamba hakuna aliyeturudishia matokeo, kwamba mpakani hakujabadilika kitu, na kwamba mahojiano na tafsiri vyote ni vyangu. Nikatia majina yangu kamili, mama akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika.

Ofisi ile ilijibu kwa heshima. Walinitumia fomu nijaze uhusiano wangu na utafiti. Palipoandikwa "mnufaika" nikalifuta neno hilo, nikaandika "mtafiti". Baada ya wiki chache kazi ya profesa iliondolewa kwenye ushahidi wa chuo.

Akaniandikia ujumbe mrefu. Cheo alichokingojea kimeyeyuka, alisema, na kama nilikuwa na kinyongo, mbona sikumwambia kama rafiki? Mkuki kwa nguruwe mtamu. Niliusoma polepole, nikiwa na chai yangu, na kila mstari ulinifurahisha. Mwishoni aliniuliza mimi nimefaidika nini.

Nilimjibu kwamba sikupata kitu, ila safari hii tumekosa wote wawili.