Kuku wa Mdai Deni

Nimelala katika miji mingi kuliko inavyomfaa mtu wa miaka arobaini na kitu, lakini nikitamani nyumbani, nayatamani meko ya senje, yule dada ya baba aliyenilea huko Shianda. Mwaka juzi nilikuwa Lodwar aliponipigia simu. Kampuni ya kukusanya madeni ilikuwa imemwandikia kwamba maofisa wake wangemtembelea Alhamisi na kuchukua ng'ombe kwa sababu ya deni la taa ya sola. Taa yenyewe ilikuwa imeharibika, naye aliirudisha dukani zamani. Ng'ombe alikuwa mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyomnunulia dawa ya presha.

Nilifika Jumatano. Barua ilikuwa na picha ya mizani juu na mhuri mwekundu chini. Ungeapa imetoka kortini. Nikaenda nayo Kakamega mjini. Karani wa mahakama aliitupia jicho, akaniambia kesi kama hiyo haipo, na kwamba hakuna wa kuchukua ng'ombe wa mtu hivi hivi bila amri ya korti. Deni lenyewe, akasema, anayedai ndiye alithibitishe.

Niliporudi na habari hizo nilimkuta senje akinyonyoa jogoo. Barua ilisema watamtembelea. Kwake, anayetembelea ni mgeni, na mgeni halishwi mboga. Nilimwambia hawa wanakuja kumtisha. Akanijibu kwamba hata wa kutisha hutembea na njaa.

Alhamisi akaja mtu mmoja mwenye tai, amejaa vumbi la bodaboda. Senje alimnawisha mikono, akamwekea obusuma, ugali wetu wa nyumbani, na kuku. Firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanamume wa heshima, akampa yeye, mimi nikitazama. Nilipofungua mdomo, alinikata jicho. Hakuna neno kabla mgeni hajashiba.

Aliposhiba nikamwomba amri ya korti. Alifuta vidole polepole.

"Sina," alisema. "Ile barua ni ya kukumbusha tu."

"Kukumbusha?" senje akauliza. "Na mimi tangu juzi namuaga ng'ombe."

Yule bwana alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akaomba aelezwe habari za taa, akasikiliza mpaka mwisho, nami nikimwongezea chai kila kikombe kilipoisha. Nilimwambia waonyeshe deni limetoka wapi, au waache kumsumbua mama wa watu.

"Mama, nimekula kwako," alisema. "Siwezi kurudi hapa na kamba."

Kweli hakurudi, na baadaye kampuni ilipiga simu kusema duka limekubali kwamba taa ilirudishwa.

Siku ile senje alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alinikabili. "Baba," alisema, maana nilirithi jina la babake, "kama ulijua ni mwongo, mbona ulimwongezea chai?"

Hakungoja jibu. Alichukua ndoo akaenda kukamua, nikamsikia akimgombeza ng'ombe asimame vizuri, kama anavyogombezwa wa nyumbani asiyekwenda popote.