Mbuzi wa Mbithe na Treni ya Ijumaa

Nitasema kama nilivyoona, na mwenye kukasirika akasirike. Mimi na Mbithe tumeshona sare za shule katika duka moja hapa Sultan Hamud kwa miaka kumi na tisa, mashine yake mlangoni, yangu huku nyuma penye giza. Katika miaka hiyo yote sijamsikia akimsema mumewe vibaya hata siku moja. Kazi hiyo nilimfanyia mimi.

Mumewe anaitwa Jonah. Ni karani katika ghala la majani chai huko Mombasa, na tangu waoane amekuwa mtu wa kuja mwisho wa mwezi, kulala siku mbili na kurudi. Zamani alikuja na treni ile kuukuu ambayo ratiba yake hata dereva hakuijua. Reli mpya ilipojengwa akaanza kushuka Emali mchana, shati limenyooka, akisifu kiti kana kwamba alikishona yeye. Basi hapandi, maana basi humtapisha kabla halijafika Mariakani. Kwa hiyo ndoa ya Mbithe imekwenda kwa ratiba ya treni. Ukiona amefua mapazia, ujue Jonah yuko njiani.

Sasa, sisi Wakamba mwanamume akioa hupeleka mbuzi watatu kwa kina msichana. Tunawaita mbuzi wa ntheo. Si mahari, mahari ni mazungumzo mengine, na hayaishi. Ntheo ndiyo inayosema kwamba mwanamke huyu ana mume. Bila hiyo, hata uwe na watoto na cheti cha kanisa ukutani, kwenu bado unahesabiwa msichana aliyetoka nyumbani akatembea. Na kuna jambo moja zaidi: mama ambaye hakupelekewa ntheo, binti yake hawezi kupokelewa mbuzi na mtu. Za mama hutangulia.

Jonah hakuwahi kupeleka. Walifunga ndoa kanisani, na kila wazee walipouliza alijibu kwamba ameokoka na mambo ya mbuzi ameyaacha. Wokovu wake ulikuwa unasimama hapo kwenye mbuzi wa ntheo tu. Mbuzi wa Krismasi alimla mpaka akauliza kichwa kiko wapi. Mbithe alinyamaza miaka ishirini na sita. Alipoenda kwao Kathonzweni kwa matanga au harusi, aliketi na wasichana, mwanamke mzima mwenye miwani, na hakuna aliyemwambia ahame. Siku moja nilimuuliza kama inamuuma. Akasema inamuuma sana, akaendelea kupinda ukosi wa shati.

Halafu binti yao Ndululu akapata mchumba, kijana anayeitwa Gicheru. Babake, Mzee Kihara, ni mtu wa Murang'a aliyehamia Malili zamani akafungua duka la mbao na simiti. Watu wastaarabu. Mara mbili walipanga siku ya kuja na mbuzi wao, na mara mbili ikaahirishwa kwa sababu ntheo ya Mbithe haijapelekwa, na haijapelekwa kwa sababu Jonah hajapata ruhusa kazini. Mara ya tatu Mzee Kihara alituma ujumbe, kwa upole kabisa, kwamba wazee wake wameshavaa makoti mara mbili bure. Tukaelewa kwamba hakutakuwa na mara ya nne. Ndululu hakula siku mbili.

Siku ikawekwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, mwaka ule wa mafuriko. Mwau, kaka mkubwa wa Mbithe na ndiye mwenye neno kwao, alisema wazi: "Ijumaa mlete za mama, Jumamosi mpokee za msichana. Za mama zikikosa Ijumaa, mimi Jumamosi sitoki kwangu." Na bila mjomba hakuna kitu kinachopokelewa.

Mbuzi wenyewe walikuwepo. Mbithe aliwafuga kwa mkono wake nyuma ya nyumba, majike wawili na beberu mmoja mweusi. Jonah hakutakiwa kununua hata kamba. Alitakiwa aje, aishike hiyo kamba, awaingize mbuzi kwa boma la shemeji yake, basi.

Jumatano redio ikasema kuna kimbunga baharini, kinaelekea pwani ya Tanzania, na upepo na mvua vitafika mpaka kwetu. Mbithe aliacha cherehani akampigia Jonah papo hapo. Alimwomba apande treni ya Alhamisi.

"Kimbunga ni cha Tanzania, Mama Kivuva," Jonah akamwambia. Simu ilikuwa kwa spika, nilisikia mwenyewe. "Na treni haijui mvua. Hiyo ni reli ya kisasa, iko juu. Ijumaa saa sita na nusu niko Emali."

"Njoo kesho, Baba Kivuva. Nakuomba."

"Kesho tuna hesabu ya magunia. Usiwe na wasiwasi."

Ijumaa tulikuwa Emali saa tano. Nilikuwa mimi, Mbithe na Kivuva, mtoto wao wa kwanza, ambaye anafundisha shule ya msingi na haongei sana. Tulikodi pikapu, mbuzi wakafungwa nyuma. Usipokuwa na tikiti hukubaliwi kuingia ndani ya stesheni, kwa hivyo tulingojea kwenye uwanja wa magari. Upepo ulikuwa unavuta vumbi na manyunyu pamoja, kitu ambacho sijawahi kuona. Mlinzi mmoja alikuja akauliza kama mbuzi nao wanasafiri. Kivuva akamwambia wanangojea mgeni.

Saa tano na robo Jonah alipiga. Walikuwa wamepita Voi, lakini treni ilikuwa inaenda pole pole kama mtu anayetafuta pete njiani. Nusu saa baadaye akapiga tena.

"Tumesimama."

"Wapi?"

"Porini. Mahali pa ndovu. Naona maji tu."

Hadithi yenyewe ilikuja vipande vipande kadiri mtandao ulivyoruhusu. Mvua ya kile kimbunga ilikuwa imemwagika huko Tsavo tangu alfajiri, na maji yalikuwa yamekula udongo wa tuta mbele yao. Reli ilikuwa imebaki mahali pake, lakini chini yake palikuwa pametoboka, na mafundi walikuwa wanatoka Mtito Andei kwenda kujaza mawe. Kurudi Voi haikuwezekana kwa sababu kulikuwa na treni ya mizigo nyuma. Kushuka walikatazwa, maana ile ni mbuga, kuna simba. Kwa hiyo watu mia kadhaa walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vizuri, wamefungiwa, wanatazama mto mahali ambapo hapajawahi kuwa na mto. Chai ilikwisha saa saba. Mama mmoja alikuwa anaenda kliniki Nairobi. Jonah alitueleza haya yote kwa kirefu, hata rangi ya maji. Mbithe alimuuliza ni saa ngapi watatoka. Hakujua.

Ilipofika saa nane ubao wa stesheni uliandikwa kwamba treni imechelewa, bila saa. Watu waliokuja kupokea wenzao walianza kuondoka mmoja mmoja. Ndululu alipiga kutoka nyumbani, akauliza kama apike wali wa kesho au aache. Mbithe akamwambia apike.

Kisha alimpigia kaka yake. Sikusikia Mwau alisema nini, nilimsikia yeye tu akisema, "Na Kivuva akizileta?" Akasikiliza jibu. "Najua," akasema. "Najua hivyo ndivyo ilivyo."

Kule kwetu mtoto wa kiume anaweza kumpelekea mama yake ntheo, lakini hufanya hivyo babake akiwa ameshazikwa. Hiyo ndiyo njia yake, hakuna nyingine. Kila mtu kwenye ile pikapu alijua, hata dereva. Kivuva alimtazama mamake akasema, "Mami, tunaweza kungoja kidogo."

"Tumengoja," Mbithe akasema. "Washa gari."

Tulifika Kathonzweni saa kumi na nusu, kiti changu kimelowa. Wazee watano walikuwa wamekaa chini ya mabati, na Mwau katikati. Yeye si mtu mbaya. Alitoka mpaka langoni akamshika Kivuva bega, akamwambia mbele ya wote, pole pole, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye hakuelewa.

"Mpwa wangu, ukiingiza hizi mbuzi wewe, mama yako ni mke wa mtu kuanzia leo. Hiyo tutaipokea kwa furaha. Lakini kwa boma hili babako tutakuwa tumemzika. Kiti chake ni chako. Kesho wakija hao wa Malili, wewe ndiye unapokea. Siku nyingine akija hapa atakula chakula cha mgeni, na hakuna siku tutarudi nyuma kubadilisha. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Na wewe, Mbithe?"

Hapo ndipo simu yake ililia. Nilisimama karibu naye, na Jonah alikuwa anapiga kelele kwa furaha, kwa hivyo nilisikia kila neno. Treni ilikuwa imeanza kutembea. Wamepita pale pabaya, watu wamepiga makofi. Alikuwa ameshauliza: angefika Emali saa moja, achukue gari, saa tatu awe Kathonzweni. "Waambie wazee wanisubiri. Masaa manne tu, Mama Kivuva. Manne peke yake."

Wazee wangengoja, na nilijua hivyo. Mwau mwenyewe alikuwa ameinua mkono kuwaambia wakae. Mtu akishika kamba kabla siku haijaisha, ntheo ni ntheo. Nilimtazama Mbithe, nikamwona anafikiri, na sijui alifikiri nini. Ningekuwa yeye, ningefikiri juu ya wale wasichana niliokaa nao kwenye mkeka miaka yote ile.

"Umekula, Baba Kivuva?" akamuuliza.

"Bado. Hapa hakuna kitu."

"Shuka Emali uende nyumbani. Ndululu amepika."

Akazima simu kabisa, akaitia kwenye kikapu. Akamwambia kijana wake, "Shika kamba."

Kivuva akaingia na wale mbuzi. Beberu alichinjwa saa hiyo hiyo, wakala, na wake za kaka zake wakamwita Mbithe akae nao jikoni, kwenye viti vya wanawake walioolewa. Alilia hapo, waziwazi, akijipangusa na leso yangu. Hakutoa sababu na hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Jonah uani kwa Mbithe, amevaa suti ile ile ya treni. Alikuwa ameshaambiwa. Macho yake yalikuwa yamevimba, na aliniamkia kwa heshima ambayo hajawahi kunipa. Nilimhurumia, lazima niseme. Miaka yote hiyo nilimsema, na siku ya kumsema kweli sikupata neno. Mwau alipofika Jonah alimfuata akamuuliza akae wapi.

"Kaa popote, shemeji," Mwau akamwambia, bila ubaya. "Hema ni kubwa."

Kukaa kulimshinda. Akaanza kubeba viti. Alivitoa kwenye lori akavipanga, akavifuta umande kimoja kimoja, na wageni wa Malili walipowasili akawa ndiye anayewaonyesha mahali. Mbele, kwenye meza yenye kitambaa, aliketi Kivuva, mamake kulia kwake amefunga kilemba kipya. Mbuzi wa Gicheru wakaja, wakapokelewa vizuri, Ndululu akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Mzee Kihara hakuwahi kumwona Jonah, kwa maana zile siku mbili ziliahirishwa kabla hawajakutana. Alipoletewa kiti alishukuru, kisha, kwa adabu ya watu wake, akamuuliza yeye ni wa upande gani wa familia.

"Mimi ni mume wa Mbithe," Jonah akasema.

Mzee Kihara alitazama meza ya mbele, akamtazama tena yeye, akaona haya. "Nisamehe sana, ndugu yangu. Tumeona kijana ndiye anapokea, tukadhani baba alishafariki."

"Treni ilichelewa," Jonah akamwambia.