Mpwa Wangu Anapohoji

Mpwa wangu yuko miaka ya mwisho ya sekondari, anasoma sosholojia, na tangu aanze hakuna anayekula kwa amani nyumbani kwa dada yangu, ninakoishi. Haongei sana. Akikuuliza jambo ukajibu, hasemi "ndiyo" wala "aha". Anakutazama tu, kidole gumba kikisugua kifuniko cha kalamu, kwa sababu mwalimu wao amewafundisha kwamba mhojiwa akiachiwa ukimya ataujaza mwenyewe. Mimi niliujaza kwa kueleza, bila kuulizwa, kwa nini sijaoa. Jana ilikuwa zamu ya baba yake, aliyeapa kwamba Jumatatu anamhamishia kwenye kemia kwa kuwa sosholojia ni umbea uliotungiwa mtihani. Binti alivuta kiti, akakaa kwa heshima zote.

"Baba, humu ndani nani anaamua mtoto asome nini?"

"Mimi. Andika hivyo."

Akaandika. "Na mama akiwa na maoni tofauti?"

"Kwani amesema nini?"

Binti hakujibu. Kidole gumba kikaanza kazi. Shemeji akanitazama, nikatazama dari. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Humu ndani jogoo ni mmoja," alisema. Ukimya ukabaki pale pale. "Si kwamba nimeshamwambia mwalimu mkuu." Bado kimya. Akashusha sauti. "Hebu ngoja kwanza mama yako arudi."

Mpwa wangu aliandika na hilo pia, neno kwa neno, kisha akamshukuru kwa ushirikiano wake.