Mgawa Matufaha

Ni mungu wa ujana katika mchezo wa video wa binti yangu. Mkono mmoja haubanduki kwenye kikapu cha matufaha. Anawagawia askari waliochoka, lakini yeye mwenyewe sijamwona akionja. Wote huwauliza kwa sauti ileile laini, "Umechoka, mpenzi?" Binti yangu wiki nzima hajaniuliza kitu ila chaja iko wapi. Jana alipokwenda kuoga nilishika kile kidude cha kuchezea, nikabonyeza. Mungu akanigeukia.

"Umechoka, mpenzi?"

"Sana, mwanangu," nikamjibu.

Binti yangu, aliyerudi kuchukua taulo, akacheka. "Mama jamani! Huyo humuuliza kila mtu."

"Afadhali yeye, anauliza."

Akachukua taulo, akaondoka. Yule mungu alibaki amenyoosha mkono wenye tufaha, akingoja nibonyeze.