Cephas na Mpira Uliokataa Gundi

Cephas Omanga anaziba tyubu za pikipiki hapa Sori, na atakuambia yeye ni fundi hata kabla hujamsalimia. Panya alipotafuna mpira unaoziba mlango wa mashine yangu ya kuangulia vifaranga, nilimwita yeye.

Mayai yenyewe yalikuwa ya akina mama wa kikundi chetu. Vifaranga walikuwa wameshaanza kulia ndani ya maganda. Joto likitoroka wanakufa hapo hapo, na mimi ndiye niliyesema nitayatunza.

Abdurahman, mwenye duka la vifaa kule Migori, alikuwa amenitumia vipande vya mpira wa silikoni, ule laini usioogopa joto. Vilikuwa vifupi, lazima viunganishwe, kwa hivyo alituma na gundi yake. Cephas aliitazama gundi hiyo akacheka, akaiweka kando. Akapiga msasa, akapaka solusheni, ile gundi yake ya tyubu, akapuliza, akagandamiza. Alipoinua, vipande viliachana kama watu wasiojuana.

Akarudia. Vikaachana tena.

"Wewe umezoea tairi tu," nikamwambia.

"Dani, hebu nyamaza kidogo," akasema; ndivyo wanavyoniita hapa, yaani bibi kwa Kijaluo.

Mwishowe akampigia Abdurahman simu. Akaambiwa silikoni haikubali gundi nyingine ila ya silikoni mwenzake. Akwangue ile solusheni yote, asafishe kwa spiriti, halafu asiguse pale tena, maana hata mafuta ya kidole yanaharibu.

Spiriti hatukuwa nayo. Kwa jirani kulikuwa na chang'aa, pombe ya kienyeji, ile kali inayotoka kwanza ikipikwa. Mimi ni Msabato, na chang'aa haijavuka mlango wangu tangu niolewe. Cephas akasimama nje na chupa, akiniangalia. Ndani, vifaranga walikuwa wanalia kwa sauti ndogo kuliko asubuhi.

"Fanyia huko huko nje," nikasema.

Akasafisha, akapaka gundi ya Abdurahman, akabana kiungo katikati ya mbao mbili, akaweka jiwe juu. Harufu kama ya siki ikatanda. Nikasogeza jiko likaushe haraka, akaliondoa. Alisema gundi hii inakaushwa na unyevu wa hewa, si moto, na tukifunga mpira gundi ikiwa bado inanuka, ule mvuke wake utawaua vifaranga kabla baridi haijawaua. Tungoje mpaka kesho.

Tuligombana sana. Nilimwita muuaji. Alifunga mlango wa mashine kwa blanketi zangu, na kutwa kucha nikawa ninabadilisha chupa za maji moto pembeni yake.

Kesho yake alinusa kiungo kwanza, ndipo akakivuta. Kikanyooka, hakikuachia. Akavuta kwa nguvu zaidi, mimi nimeshika kifua. Kikashika.

Tulifunga mpira, na joto likaanza kupanda pole pole. Wateja wa tyubu walikuja kumwita, akawaambia warudi baadaye. Alichuchumaa mbele ya kioo cha mashine mpaka yai moja lilipopasuka, na la pili. Mengine hayakupasuka, na ya Rispa, mmoja wa akina mama wa kikundi, yalikuwa miongoni mwa hayo. Nilivaa viatu nikaenda mimi mwenyewe kumwambia.